Uzi Mweupe wa Ndiye

Hebu niambie wewe unayesikiliza: nani alisema kwamba wewe ndiwe wewe? Usikimbilie kujibu. Usiseme ni mama yako, maana nitakuuliza yeye aliambiwa na nani. Wala usiseme kwamba unajijua, maana hata Kazija alikuwa akijijua, tena vizuri, mpaka asubuhi ile alipoamka akakuta amefiwa na mume ambaye hakupata kuolewa naye.

Aliamshwa na kilio barazani kwake. Akafungua mlango na matongotongo machoni, akawakuta wanawake wa mtaa wamekaa kwenye mikeka aliyoisuka mwenyewe, wamejifunika kanga mpaka usoni. Wakamwambia, "Pole, Bi Kazija. Zahoro ametutoka." Kazija akauliza, Zahoro gani? Wakatazamana. Mmoja akamnong'oneza mwenziwe kwamba maskini, msiba umemchanganya. Mume wa Kazija, aliyekuwa hai siku zile, akatoka ndani na bakuli la uji mkononi akauliza nani amekufa. Wanawake wakamtazama kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi, wakaendelea kulia. Na Kazija, ambaye hata sura ya huyo Zahoro alikuwa haijui, akahisi kitu kizito kinamshuka kifuani, kinakaa, kinajitandaza kama paka anayetafuta mahali pa kulala. Akalia. Alilia kilio cha haki kabisa. Mpaka leo hajui kilitoka wapi.

Aliponyanyua macho kufuta machozi ndipo alipouona ule uzi. Ulikuwa mweupe, umefungwa kwenye kigingi chake, na haukuwapo jana.

Sasa lazima nikueleze mji wenyewe, ama sivyo utapotea. Mji ule uliendeshwa kwa nyuzi. Kila mtu, kila nyumba, kila kisima na kila mbuzi alikuwa na kigingi cha mpingo, na kwenye kigingi limechongwa jina refu, refu makusudi, ili kisipatikane kigingi kingine mji mzima chenye jina lile. Baina ya kigingi na kigingi hupita uzi wa katani uliopakwa nta, na rangi ya uzi ndiyo neno lenyewe. Uzi mwekundu maana yake amemzaa. Wa manjano, ni jirani yake. Wa rangi ya jivu, amefiwa naye. Kauli ilikuwa na vitu vitatu tu: anayesemwa, uzi, na pale uzi unapoishia. Cha nne hakuna. Hukuwa na mahali pa kufunga labda. Hukuwa na mahali pa kufunga zamani, au inasemekana, au mimi naona hivyo ila sina hakika. Nyuzi zilipita juu ya vichochoro, zikaingia dirishani, zikatokea jikoni, na watu warefu walitembea wameinamisha vichwa, na mji mzima ulinuka nta.

Yeyote aliweza kufunga chochote juu ya yeyote. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yao. Na kilichofungwa kikawa kweli. Na kisichofungwa? Hapo sasa. Kisichofungwa hakikuwa uongo. Ukimwuliza mtu wa mji ule, je, fulani ana watoto, naye haoni uzi, hatakujibu hapana. Atakujibu, haijafungwa bado. Neno hapana hawakuwa nalo, kama wengine wasivyo na neno la theluji. Na kwa kuwa uzi haukujua jana wala kesho, kila kilichopata kufungwa kilikuwa kinaendelea kuwa. Homa aliyougua Kazija akiwa mtoto bado ilikuwa imefungwa kwenye kigingi chake, na siku nyingine ilimkuta sokoni, ikamtetemesha kidogo, ikaenda zake. Akipita kisimani alinusa udi wa harusi yake mwenyewe. Marehemu walikuwa bado waume za watu. Je, mtu ni yule anayetembea leo barabarani, au ni rundo la yote yaliyowahi kusemwa juu yake, mabichi na makavu pamoja? Kazija alikuwa akijiuliza hivyo akisuka, na mkeka ukipinda kidogo aliufumua akaanza tena. Hakuwa mtu wa haraka.

Basi uzi mweupe. Katika rangi zote, huo ndio uliogopwa, na ulifungwa kwa nadra. Maana yake ni ndiye. Huyu ndiye yule. Ukifungwa baina ya vigingi viwili, mji hauoni tena watu wawili. Vilivyoko kwa mmoja vinamiminika kwa mwenzake, kama maji ya mitungi miwili iliyotobolewa matako ikaunganishwa. Ndivyo Kazija alivyopata ujane mumewe akiwa ndani anakunywa uji. Akaufuata ule uzi kwa macho mtaa hadi mtaa, mpaka ulipoingia katika nyumba ya huyo Zahoro, nyumba iliyokwisha kupigwa lakiri na wakubwa kwa kuwa mwenyewe amekufa. Ndani yake alikuwamo mwanamke. Hapakuwa na aliyemjua jina. Naye, kwa mujibu wa uzi, alikuwa Kazija.

Hawakupata kuonana. Ingewezekanaje? Kazija akienda kwa muuza maziwa anaambiwa, mama, si umetoka hapa sasa hivi na kopo lako? Akienda kumpa mzazi hongera anaambiwa, bibi, asubuhi ulikuja. Alipofika alikuwa amekwisha kufika. Hapo ndipo alipoanza kushuku, na mtu akishaanza kushuku mambo madogo yanakuwa na macho. Alishuku mlango ukilia. Alishuku kikombe kilichogeuzwa mkono upande wa kushoto.

*Ananitaka nini huyu. Nyumba yangu haina dari. Mikeka? Angalikuja angalipewa. Mtu haibi mtu mzima bila sababu. Anangoja nife aendelee yeye. Au anangoja afe yeye, niendelee mimi, nibebe mizigo yake yote, nami sijui hata kilichomo.*

Miaka ikapita hivyo. Mumewe akafa kweli, na wanawake hawakuja, maana kwa hesabu ya mji Bi Kazija alikwisha kumlilia mume.

Siku ninayotaka kukusimulia ilikuwa siku ya kutolewa nje mjukuu wake wa kwanza wa kike. Desturi yao ilikuwa hivi: mtoto anapotolewa nje jua la alasiri limwone, hufungwa uzi wake wa kwanza, nao ni uzi wa jina. Unatoka kwenye kigingi chake kidogo, ambacho bado kinanuka randa, unakwenda kwenye kigingi cha bibi yake. Akishafungwa, anaitwa jina la bibi, na anarithi vyote vilivyofungwa hapo. Saumu, mkwewe Kazija, aliona fahari. Alikuwa msichana mpole, mwenye mikono mikubwa, na alikuwa amekwisha kuuchovya uzi ndani ya nta tangu jana.

"Mama," alisema, akimnyonyesha mtoto, "leo tutakuwa na Kazija wawili humu ndani."

"Watatu," Kazija akajibu.

Saumu akamvuta mtoto karibu. Alijua. Mtoto akifungwa kwenye kigingi cha bibi, na kigingi cha bibi kimefungwa ndiye, basi yule mchanga ambaye hata shingo haijakaza atalala usiku huu akiwa mjane wa Zahoro. Atakua na msiba kifuani asioujua. Atafika kila mahali akiwa amekwisha kufika. Kazija alimtazama mtoto, kidevu kina maziwa, ngumi zimekunjwa, akaapa moyoni kwamba jua halitashuka na ule uzi ukiwa pale. Lakini auondoe vipi? Mji ule ulijua kufunga tu. Hapakuwa na mtu aliyewahi kukata.

Ndipo hodi ikasikika.

"Hodi, kwa kanuni mpya!"

Kazija akamtazama Saumu. "Siku hizi hata hodi ina kanuni?" Akanyanyua sauti. "Karibu! Viatu mlangoni."

Aliingia mwanamume mwembamba mwenye mkoba wa ngozi, viatu mkononi. Viatu vyenyewe vilikuwa safi mno kwa mtu aliyesema ametembea mitaa yote, na Kazija aliliona hilo kabla hajauona uso wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Naitwa Shekue. Natoka Baraza la Mafundo. Tunapita nyumba kwa nyumba kueleza pendekezo."

"Pendekezo." Kazija alilisema neno polepole, kama mtu anayetafuta mchanga kwenye wali. "Mwaka ule wa kwanza mlileta pendekezo. Jirani yangu akasema yeye halipendi. Mkafanyaje?"

Shekue akakuna shingo. "Alielimishwa, bibi."

"Eeh. Basi nielimishe kabla sijalikataa."

Inafaa ujue kwamba Baraza lile lilikuwa limekaa kikao miaka na miaka. Waliingia vijana, wakatoka na mvi. Ilisemekana, ingawa haikufungwa, kwamba mwaka mmoja mzima walibishana iwapo ushanga uitwe ushanga. Na kila wakitoka nje kuvuta pumzi waliwaambia watu kwamba hii ni rasimu tu. Kwa hiyo watu waliposikia sasa kwamba rasimu zimekwisha, waliingiwa na hofu zaidi. Kitu kinachongojwa sana kikifika, unaanza kuuliza kilikuwa wapi, na kilikuwa na nani.

Shekue akaketi mkekani, akatoa kipande cha uzi, akamwomba Saumu ashike ncha moja, naye akashika nyingine. "Tazama, bibi. Hii ni kauli. Huku anayesemwa, huku anakoishia, na rangi katikati. Zamani hukuweza kufunga kitu hapa tumboni mwa uzi. Uzi unafunga vigingi, wenyewe haufungwi. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa inawezekana." Akatoa mkobani ushanga mdogo mweupe, akauvisha kwenye tumbo la uzi, na kutoka kwenye ushanga akavuta uzi mwembamba mwingine, mwembamba kama unywele. "Ushanga huu ni kigingi cha kauli. Hapa tutafunga nani alisema. Tutafunga lini. Tutafunga ana hakika au hana. Kauli yenyewe sasa inasemeka."

"Lete." Kazija aliuchukua ushanga, akauangalia juani, akautia mdomoni akauuma. "Wa nini?"

"Mfupa wa ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Bibi, ng'ombe tu."

"Hakuna ng'ombe tu." Akamrudishia. "Endelea."

"Na la pili ndilo kubwa. Uzi ukishavaa ushanga, unaweza kulegezwa. Unafunguliwa kwenye vigingi, unabaki unaning'inia kwenye ushanga wake. Watu watasoma, fulani alisema hivi. Hawatasoma, ndivyo ilivyo. Kauli inatajwa bila kudaiwa."

Kazija aliulainisha mkeka kwa kiganja. Alikuwa amesikia, na alichosikia kilimtikisa, lakini uso wake haukuonyesha.

"Kwa hiyo uongo mtautunza."

"Tutatunza kwamba ulisemwa."

"Na mimi nikisema kweli, halafu mkubwa mmoja haipendi? Atalegeza uzi wangu? Nining'inie hapo kama nguo ya kuanika, watu waseme, yule bibi anadai kwamba ana mtoto?"

Shekue akauviringisha uzi kidoleni. Lilikuwa swali ambalo huenda hata barazani halikuulizwa, au liliulizwa na mtu ambaye hawakumpa nafasi ya kumaliza. "Kulegeza," alisema mwisho, "kunataka yule aliyesema awepo. Ashike uzi kwa mkono wake, aseme, nimesema mimi. Asipokuja, uzi unabaki kama ulivyo. Kanuni mpya haibatilishi nyuzi za zamani, bibi. Kilichokuwa sahihi kinabaki sahihi. Hiyo ndiyo ahadi yetu kwa mji."

"Ahadi nzuri," alisema Kazija. "Hata mwizi angeipenda." Akanyanyua kidevu kuelekea mlangoni, juu. Hakuonyesha kwa kidole. Kazija alifunzwa na mama yake kwamba kumnyooshea mtu kidole, hata uzi wa mtu, ni utovu wa adabu, na wajukuu wa jirani waliopigwa vikofi vya mikono wanamkumbuka kwa hilo. "Ule mweupe. Nani aliufunga?"

Shekue akautazama. Akausogelea, akaugusa kwa ncha ya ukucha. "Hauna ushanga. Siwezi kujua. Hakuna anayeweza kujua ila aliyeufunga."

"Na asipokuja leo?"

Shekue akautua mkoba wake. Alimtazama mtoto, akautazama ule uzi wa jina uliochovywa nta, na inaelekea alikuwa na bibi yake mahali, maana alisema kwa sauti ya chini, "Nitangoja hapa mpaka alasiri."

*Atangoja. Kwa nini angoje? Nani amemwambia angoje? Viatu safi. Labda anatoka kule kwake. Labda chai amekwisha kunywa kule, akaambiwa, nenda kamwambie yule mzee mambo ya shanga. Nikienda, nyumba ninamwachia nani? Nisipoenda, mtoto.*

Alijitanda kanga yake, akatoka.

Njia ya kwenda nyumba ya Zahoro aliijua bila kuwahi kuipita; miguu ilikuwa ya mtu mwingine pia. Chini ya nyuzi jua lilianguka kwa mistari, na kila mstari ulikuwa na wakati wake. Penye mmoja palikuwa asubuhi ya idi, watoto wanapita na nguo zinazokwaruza. Penye mwingine homa yake ya utotoni ilikuwa imekaa kizingitini kwa mtu, ikamtambua, ikataka kusimama. "Kaa," Kazija akaiambia. "Leo sina nafasi." Watu walimsalimu. "Bi Kazija, unarudi nyumbani?" mmoja aliuliza, na hakuweza kusema ndiyo wala siyo, kwa kuwa zote zilikuwa sawa.

Mlango wa Zahoro ulikuwa na lakiri nyekundu, na chini ya lakiri ulikuwa wazi. Akaingia bila kupiga hodi. Nani anapiga hodi kwake?

Mwanamke alikuwa jikoni, amemgeuzia mgongo, anakoroga chungu. Hakugeuka.

"Nilijua utakuja siku watakayoleta shanga," alisema.

"Geuka nikuone."

Akageuka. Kazija alikuwa amejitayarisha kuona uso wake mwenyewe. Ameuona mara nyingi ndotoni, uso wake kwenye shingo ya mwingine. Hakuuona. Aliona mwanamke mfupi, mzee kama yeye, kovu la moto kwenye kiganja, kanga moja na yake ila imepauka zaidi. Uso wa mtu. Na cha ajabu, macho yake Kazija hayakutaka kukaa juu yake, yaliteleza, yakaenda ukutani, ikabidi ayarudishe kwa nguvu.

"Kumbe hatufanani," alisema.

"Hata kidogo. Kaa, mwenzangu. Mboga inaiva."

Kazija akakaa kwenye kibao cha mbuzi, maana hakukuwa na kingine. Mwanamke akampakulia kwenye kibakuli. Kazija akainusa kwanza, akaizungusha, akangoja mwenyeji aonje wa kwanza. Alipoonja mwenyewe, akakunja uso.

"Haina chumvi!"

"Haina chumvi!" mwanamke akalipuka. "Unathubutu kuniambia haina chumvi! Tangu mganga alipokufungia uzi wa presha, hakuna duka mji huu linaloniuzia chumvi. Nikienda, Bi Kazija, umekatazwa. Nikimtuma mtu, ni ya nani, ya Bi Kazija? Umekatazwa! Miaka yote hii nakula majani kama mbuzi, na mimi presha sina!"

"Na mimi?" Kazija akaweka kibakuli chini. "Nani alikaa eda ya mume wako? Miezi yote nimefungiwa ndani, mume wangu analala barazani, watu wanasema ni haramu awe karibu na mjane! Tena yule Zahoro wako, samahani, marehemu, lakini kifua changu kinaniuma kila anapokumbukwa. Alikuwa nani hata anikalie kifuani?"

Mwanamke akatazama chungu. "Alikuwa mtu wa utani," alisema. "Alikuwa akikoroma."

Halafu, sijui nani alianza, wakacheka, kicheko kidogo cha pembeni, cha watu wasioaminiana. Kazija ndiye aliyekikata.

"Uliufunga wewe."

"Nani anasema?"

"Nakuuliza wewe. Leo mjukuu wangu anafungwa kwangu. Usipokuja kusema, atakuwa wewe pia."

Mwanamke alikwenda ukutani akatungua kigingi. Kazija hakupata kuona cha namna ile. Kilikuwa laini, hakina jina, hata mkwaruzo. Mwanamke akakishika kama mtu anavyoshika yai.

"Nilikuja mji huu nikiwa fulani tu. Zahoro akaniweka, akanitengenezea hiki. Kigingi kisicho na jina kinajulikana ndani ya nyumba iliyokitundika. Humu ndani, ukisema yule, ni mimi. Ukikitoa nje ya mlango hakuna uzi unaoweza kukifikia, kwa sababu utauelekeza wapi? Nilikaa humu, nikawa mke, nikatosheka. Asubuhi alipokata roho walikuja kupiga lakiri. Nikasikia mmoja anauliza, kuna mtu ndani? Mwingine akatazama huku na huku, akanitazama, akasema, haijafungwa bado." Aliinua macho. "Nilikuwa nimesimama mbele yake, Kazija. Nina kikombe mkononi."

"Kwa nini mimi? Mji mzima!"

"Niliwahi kuja kwako kuomba chumvi. Mlango wa nyuma. Ulikuwa unasuka. Ukasema, chukua humo ndani. Hukunyanyua kichwa, hukuuliza mimi nani. Nikasema, huyu ana nafasi."

Kazija alitafuta siku hiyo kichwani asiione. Akashuku ni uongo. Akashuku ni kweli. Chumvi aliyokuwa akiigawa bila kutazama, siku ngapi, watu wangapi, na yupi katika hao alikuwa huyu? Alijiona akisuka, kidevu chake kinaashiria ndani, macho kwenye ukindu. Hilo liliwezekana. Hilo ndilo lililomkera.

"Na nikija nikasema," mwanamke aliuliza, "uzi ukalegezwa, mimi nitakuwa wapi? Nyumba hii wataifunga kweli. Unakuja kuniomba nijifute."

"Nakuomba uniachie mtoto."

"Ni kitu kilekile."

Kazija alinyanyuka, akafika mlangoni, akasimama. "Anaitwa Kazija," alisema. "Ana maziwa kidevuni. Sijui niseme nini zaidi." Akatoka, na njia nzima hakugeuka, akishuku kwamba akigeuka hatakuta nyayo.

Jua lilikwisha kuinama aliporudi. Saumu alikuwa barazani na mtoto, watu wa mtaa wamekaa, Shekue kasimama chini ya kigingi na ushanga kiganjani. "Amekuja?" aliuliza. Kazija akatikisa kichwa. Saumu akauchukua uzi wa jina. Desturi haingoji, jua likigusa paa, mtoto hufungwa.

"Bi Kazija, si umekwisha kuingia?" jirani mmoja akauliza ghafla, akitazama kichochoroni. "Mbona tena unakuja?"

Alikuwa yeye. Alitembea na chungu chake kichwani na kigingi kile laini mkononi, na watu walitazama kwake, kisha kwa Kazija, kisha kwake, kama watu wanaofuata mpira. Akatua chungu. Akaushika uzi mweupe. Mkono wenye kovu.

"Nani alisema?" Shekue aliuliza, kwa sauti ya kanuni.

Mwanamke alimtazama mtoto kwa muda. Kazija akajua: atakana. Amekuja kukana mbele za watu. Amekuja na chungu chake ili ahamie kabisa.

"Nimesema mimi," alisema mwanamke. "Nilisema kwamba mimi ndiye Kazija. Nilisema asubuhi aliyokufa Zahoro. Sikuwa na hakika."

Shekue akavisha ushanga. Akafungua fundo la huku, akafungua fundo la kule kwenye kigingi laini, na uzi mweupe ukalegea, ukaning'inia kwenye ushanga wake ukicheza kwa upepo. Kazija akahisi kile kizito kifuani kinasimama, kinajinyoosha, kinashuka. Alishtuka alivyokikosa. Saumu akafunga uzi wa jina haraka, fundo juu ya fundo, na mtoto akapiga chafya juani, akiwa wa bibi mmoja.

Watu wakashangilia. Na katikati ya shangwe macho yao yakaanza kuteleza. Mtu alisogea kutafuta nafasi, akapita pale alipokuwa mwanamke kana kwamba hapana kitu. "Chungu hiki cha nani?" mwingine aliuliza. Mwanamke alisimama, amekumbatia kigingi chake, anangoja, uso wake wa mtu aliyekwisha kuliona jambo hili.

Shekue naye alikuwa amechanganyikiwa, ananyoosha ule uzi mwembamba kama unywele kutoka kwenye ushanga, hajui aufunge wapi. "Unatakiwa uende kwa aliyesema," alinong'ona. "Hana jina. Nitaufunga wapi?"

Kazija aliutazama uzi ule mwembamba. Akauangalia ushanga wa mfupa, wa ng'ombe asiyejulikana, aliouuma asubuhi kwa meno yake. Alikuwa bado haliamini Baraza. Alikuwa bado hajui viatu vile vilisafishwa wapi. Lakini kauli ilikuwa pale, inaning'inia, kila mtu anaiona: kuna aliyesema. Na kama kuna aliyesema, basi yupo.

"Wewe kijana," alisema, "umesema ushanga ni kigingi?"

"Ndiyo, bibi. Ni kigingi cha kauli."

"Basi anza hapo. Aliyesema neno hili. Funga kutoka kwenye ushanga mpaka kwenye kigingi kile laini."

"Kipi, bibi? Sikioni."

Mbele ya mtaa mzima, mbele ya watoto aliowapiga vikofi, Kazija, ambaye maisha yake yote aliashiria kwa kidevu, alinyanyua mkono, akanyoosha kidole, akakielekeza. Watu wakageuza vichwa kwa mshangao wa utovu ule wa adabu, wakakifuata kidole, na macho yao yakafika, yakakaa.

"Kile. Cha yule," alisema Kazija. Kisha, mkali, maana shaka haikumtoka, akamgeukia. "Na wewe! Miaka yote umenila, nimekula vyako. Hukuja hata siku moja kuniambia. Ulikuwa unataka nini kwangu?"

Mwanamke hakumtazama usoni. Alikuwa anakitazama kidole, ambacho kilikuwa bado hakijashuka.

"Hicho," alisema. "Nilikuwa nataka hicho."